Vidole vya Shangazi Havitetemeki

Nyumbani kwa Shangazi,
chumba cha mbele.
Jumapili asubuhi, tarehe tisa Machi.

Mpendwa binamu yangu,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umekaa na kikombe chako cha chai mkononi, maana nakujua, ukisoma barua na njaa unaruka mistari. Hujambo? Mgongo wako je, umepoa, au bado unatembea kama mtu anayetafuta sindano sakafuni? Wifi yangu hajambo? Na watoto? Huku sisi ni wazima. Mimi mafua yalinilaza wiki iliyopita lakini yameniachia, nimebaki na kikohozi cha kuringia tu. Mama yako anakula vizuri, analala vizuri, na uso wake umeanza kurudi kuwa uso wake.

Najua unashangaa kuletewa barua ya karatasi wakati simu tunazo. Simu haifai kwa jambo hili. Wewe kwenye simu una tabia ya kukatiza watu, na mimi nikikatizwa napandwa na hasira, tunaishia kuulizana habari za mvua. Safari hii utanisikiliza mpaka mwisho, hata ukinuna. Tena humu ndani ya bahasha mna karatasi mbili ambazo nataka uzishike kwa mkono wako mwenyewe.

Jambo lenyewe ni kuhama kwa Shangazi. Kaka Mkubwa ameniambia kwamba umeshakubali: mwisho wa mwezi mama yenu achukuliwe, akakae kwake kule ghorofani, na nyumba hii ifungwe. Nakuomba sana, kabla hujamwambia kaka yako neno jingine, nisome kwanza. Yuko mtu mmoja ambaye sisi sote hatukumuuliza, naye ndiye anayehamishwa.

Simlaumu Kaka Mkubwa. Alisafiri kuja huku amechoka, akaitisha kikao pale sebuleni, na kila alilosema alilisema kwa uchungu wa mtoto. Lakini tulikaa tukamzunguka Shangazi kwenye kiti chake cha mito, tukamjadili kana kwamba ni kabati. Atalala chumba gani, nani atamwogesha, dawa zitakaa wapi. Si kwa ubaya, binamu. Tangu kiharusi kimshike tulikuwa tumezoea kumjibia kila kitu, mpaka kumjibia kukawa ndiyo heshima yenyewe.

Unakumbuka daktari alivyotuambia: akili haina neno, masikio hayana neno, kilichopooza ni ulimi na midomo pamoja na mkono wa kulia. Tukaitikia kwa vichwa, kisha tukasahau. Tulimpa kalamu kwenye mkono wa kushoto, mistari ikatoka kama kuku amepita, akaitupa. Wewe ukaleta ile simu kubwa ya kioo, na ulifanya la maana, Mungu akulipe. Ila kioo kile kinataka kuguswa kama unamgusa mtoto aliyelala, na Shangazi hajawahi kugusa kitu namna hiyo tangu azaliwe. Akibonyeza herufi moja zinaingia tatu, halafu simu yenyewe kiherehere, inamkisia maneno. Alitaka kuandika maji, ikamwandikia majirani. Akaisukuma kule, akafunga macho. Kaka Mkubwa akasema taratibu kwamba mama amechoka na mambo haya, tumwache apumzike.

Sasa nikueleze habari ya vidole. Kwa muda mrefu tulikuwa tunaviona vidole vya mkono wake wa kushoto vikigonga-gonga kwenye mkono wa kiti, mara kwenye sinia, mara kwenye paja lake. Dada wa mazoezi anayekuja kumnyoosha viungo alituambia tuwe tunamwangalia, isije ikawa ni mtetemeko unaanza. Kaka Mkubwa alipoona akasema ugonjwa unazidi, na hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kutaka kumhamisha haraka. Mimi nilikuwa nikiufunika mkono ule kwa shali, nikidhani namsitiri.

Siku ya kikao nilikaa ubavuni kwake. Maneno yalikuwa yamepamba moto, na mimi macho yangu yalikuwa chini kwa sababu sikutaka kulia mbele za watu. Nikauona mkono. Vidole vilicheza, vikacheza, halafu kidole cha mwisho kikabonya na kutulia hapo hapo, na jirani yake akagonga mara moja. Mkono ukapumzika kidogo. Kisha vikacheza tena, na mwishoni yale yale: cha mwisho kimebonya, jirani yake kagonga. Ule mchezo naujua vizuri kuliko njia ya kurudi kwangu. Nilifundishwa na mwenye mkono ule ule, ameshika rula.

Ili unielewe inabidi nikurudishe nyuma, wewe ukiwa bado mtoto wa kufungwa kamba za viatu. Mama yako alikuwa mkuu wa chumba cha taipu pale idara ya maji, na mimi nilipomaliza shule akanichukua nikajifunze kazi chini yake. Chumba kile kilikuwa na makelele ya kukufanya uote unagongwa kichwa. Mashine zilikuwa za chuma, karatasi zimepachikwa kaboni katikati, na ukikosea herufi moja unapaka dawa nyeupe, unapuliza, unaanza upya huku mkuu anakutazama juu ya miwani. Jioni vidole vyangu vilikuwa vinauma hata kushika kijiko ni taabu.

Halafu ikaja kompyuta ya kwanza. Ilishushwa kwenye boksi kubwa, wanaume wakaibeba kama wamebeba bibi harusi, ikawekwa kwenye chumba chake peke yake chenye kiyoyozi, wakati bosi mwenyewe alikuwa na feni. Amri ikatoka kwamba hakuna kuingia na viatu, eti vumbi litaiua. Basi ungeona mlangoni viatu vimepangwa, na wakubwa wa idara wanatembea na soksi. Bosi alikuwa na soksi zenye tundu, kidole gumba kinachungulia nje, na ilitubidi tumsikilize akieleza umuhimu wa teknolojia bila kutazama chini. Shangazi aliniambia nikicheka atanirudisha kwa baba yangu siku hiyo hiyo.

Mashine yenyewe, ukiiona leo utaihurumia. Kioo kimebenuka, cheusi tii, na herufi za kijani. Haikuwa na kumbukumbu yake yenyewe. Ilikuwa na midomo miwili ya kulishwa diski, zile nyembamba za kupinda. Mdomo wa juu unaweka diski yenye programu ya kuandikia, mdomo wa chini unaweka diski ya kazi zako. Ukiiwasha inanguruma, inafikiri, kisha inakuuliza leo ni tarehe ngapi, kwa sababu haijui. Usipoijibu vizuri barua zako zote zinaandikwa kwamba zilizaliwa miaka ambayo hata idara haikuwepo.

Wengi waliiogopa. Shangazi aliipenda tangu siku ya kwanza na hakuona haya kusema. Aliniambia kwamba maisha yake yote kosa lilikuwa likishaandikwa limeandikwa, na sasa amepewa mashine inayokubali ubadili mawazo kabla ya kuchapa. Alikuwa anafuta neno, analirudisha, analifuta tena, hivi hivi tu, kwa raha ya kuliona linaondoka bila kuacha doa.

Lakini umeme ulimtia adabu. Siku moja alikuwa amemaliza ripoti nzima ya mwaka, kurasa kwa kurasa, anajinyoosha tu aihifadhi, taa zikazima. Kioo kikawa cheusi na ripoti ikaenda. Hakulia. Alivaa viatu vyake, akaenda kunywa maji, akarudi, umeme uliporudi akaketi na kuiandika upya kutoka kichwani. Kuanzia siku ile ikawa sheria katika chumba chetu: sentensi moja, sevu. Kidole cha mwisho cha kushoto kinabonya kitufe cha amri na kukishikilia, kidole jirani yake kinagonga herufi. Ukisahau, rula inatua. Mpaka leo kwenye duka langu la uchapaji, kwa kompyuta zinazohifadhi kazi zenyewe, mkono wangu unafanya hivyo bila mimi kuutuma, na wateja wananiuliza nina nini.

Mashine zikabadilika, unajua mwenyewe. Zikaja zenye kumbukumbu ndani, diski zikawa ndogo na ngumu, kisha zikaja zenye rangi na picha na kipanya cha kusukuma mezani. Kipanya Shangazi alikikataa hadharani. Alisema kazi yake ni ya vidole, hakuajiriwa kupapasa meza. Ingawa mimi nilimfumania saa ya chakula, mlango ameurudisha, anacheza karata kwenye kioo na kile kile kipanya, tena kwa ufundi. Aliniomba nisimwambie mtu na sijawahi kumwambia, hadi leo hii.

Alipostaafu, ofisi ilikuwa inatupa mashine za zamani. Akaiomba ile ya kwanza, yenye midomo miwili, akaileta hapa nyumbani na printa yake. Wewe na kaka yako mlimcheka, nami nilichekea pembeni. Miaka yote hii imekaa stoo ikibebeshwa masufuria.

Basi rudi nami kwenye kikao. Nilivyouona mkono ule nikaelewa jambo lililonikata maini. Shangazi hakuwa anatetemeka. Alikuwa anaandika. Kila tulichosema alikuwa anakijibu palepale kwenye mkono wa kiti, na kila akimaliza sentensi anaihifadhi, kama alivyotufundisha. Ila herufi za upande wa kulia zilikuwa za mkono uliopooza, kwa hiyo maneno yake yalikuwa yanatoka nusu nusu, na hakuna kioo cha kuyaonyesha. Muda wote ule, binamu. Na mimi nafunika kwa shali.

Sikusema kitu mbele ya watu, niliogopa kuonekana nimechanganyikiwa. Kesho yake nilimwita Fundi Waya, yule wa redio na pasi pale kwenye kona ya duka langu. Alipoiona mashine alikaa chini kwanza akacheka, akauliza kama nataka kuifufua au kuizika kwa heshima. Alipoifungua ndani mlikuwa na mji wa mende. Akaisafisha kwa brashi ya rangi, akatoa kile kisanduku kinachopokea umeme, akaweka kingine alichokitoa kwenye mashine nyingine mfu, na siku mbili nzima hakunipa jibu lolote zaidi ya kuguna.

Diski tulizikuta kwenye kopo la biskuti lililofungwa kwa plasta. Ya kwanza ilikwaruza, ikanguruma, ikafa. Lakini mama yako hajawahi kuwa na kitu bila nakala, na chini ya ile palikuwa na ya pili, imeandikwa kwa mwandiko wake NAKALA. Hiyo ikasoma.

Tukamsogeza Shangazi na kiti chake. Dada wa mazoezi alikuwa amefika, naye ndiye aliyetuambia tuinue kibodi kwa kitabu ili mkono usichoke. Kioo kikapata joto, zile herufi za kijani zikajitokeza, na mashine ikauliza swali lake la siku zote: leo ni tarehe ngapi? Kumbuka Kaka Mkubwa alikuwa ametuambia kwamba mama hajui tena hata siku. Sikumgusa, sikumwambia chochote. Mkono wa kushoto ukapanda juu ya vitufe, ukatulia kidogo, kisha ukaandika siku, mwezi na mwaka. Ilibidi nitazame kalenda ukutani kuhakikisha. Alikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekuwa nyuma kwa siku moja.

Nililia, sikufichi. Fundi Waya alijifanya anatafuta bisibisi yake. Shangazi hakulia. Alikuwa na kazi.

Kwa mkono mmoja anakwenda polepole, kila herufi ya kulia anaifuata mbali, na siku ya kwanza alichoka baada ya mistari michache. Lakini vitufe vile vinazama na kurudi, vinampa jibu kidoleni, wala hahitaji kuvitazama. Dada wa mazoezi anasema haya ni mazoezi bora kuliko yote aliyompa, na ameanza kumwekea mkono wa kulia juu ya kibodi pia, ukae tu hapo ujikumbushe. Juzi kidole gumba cha mkono ule kilisogea. Sitii chumvi. Kilisogea kidogo, na sote watatu tulikiona.

Alipopata nguvu akaandika karatasi ya kwanza ambayo nimekuwekea humu. Usishangae kuiona imefifia. Utepe wa printa ulikuwa umekauka, nikaupaka mafuta ya cherehani. Na usicheke jinsi ilivyokaa. Miaka yote aliandika barua za watu wengine, wakaja wakaweka sahihi zao chini. Hii ni ya kwake, akaipanga kama alivyojua:

YAH: KUHAMISHWA KWANGU
Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
Nilikuwepo kwenye kikao. Nilisikia yote.
Kwa mwanangu mkubwa siendi kuishi. Ngazi ni nyingi, nikipanda sitashuka. Nitakwenda kutembea, na nitarudi.
Nyumba isifungwe. Nahitaji mtu wa asubuhi wa kuniogesha, na kitasa cha choo kishushwe.
Shali sitaki. Nasikia joto.

Kaka Mkubwa, aliyekuja nilipomwita, aliirudia kuisoma akiwa amesimama mlangoni. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Kisha akafanya kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekifanya tangu Shangazi augue. Alimgeukia yeye mwenyewe, akamuuliza, "Mama, kwa hiyo wewe unataka tufanyeje?"

Vidole vikaanza kutembea. Tulisubiri. Kaka yako, ambaye hawezi kungoja hata maji yachemke, alisimama mpaka sentensi ikaisha. Ilikuwa imeandikwa: KAA KWANZA. Akavuta kiti akakaa, akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Waliongea hivyo hadi chakula cha mchana, yeye kwa mdomo na mama yake kwa kioo. Mimi nilijipeleka jikoni ili wapate nafasi.

Kitasa cha choo kimeshashushwa. Kaka Mkubwa alikishusha mwenyewe, kimekaa upande kidogo, lakini kinafunguka. Mtu wa asubuhi nimempata, ni mama jirani aliyekuwa muuguzi, naye na Shangazi wanapatana kwa kukunjiana uso. Mimi ninakuja kila nikifunga duka. Kilichobaki ni neno lako, kwa sababu kaka yako anasema ninyi wawili mlikubaliana pamoja na hawezi kulivunja azimio hilo peke yake. Nakusihi msilivunje kwa ajili yangu. Livunjeni kwa sababu mwenyewe amesema.

Nisalimie sana wifi yangu, mwambie zile kandambili alizonipa nimezivaa mpaka zimeona mwisho wake. Msalimie mwanao mkubwa, na Kichuguu wa katikati, na yule kitinda mimba ambaye hata sura yangu haijui. Mwambie mimi shangazi yake nampenda kwa mkopo mpaka tuonane. Fundi Waya naye anakusalimu ingawa hakujui, anasema mtu mwenye mama kama huyu si mtu mdogo. Mungu awafunike nyote, awape afya na riziki ya kutosha, na safari ya kuja huku iwe nyepesi.

Sasa karatasi ya pili. Hiyo ni yako peke yako, ndiyo maana nimeikunja mara mbili. Siwezi kujifanya sikuiona, printa ilikuwa inapiga kelele mbele ya pua yangu. Ina mistari michache tu, na ilimchukua asubuhi nzima ya jana. Amekuandikia kwamba kila ukipiga simu anasikia sauti yako ukituuliza sisi mama anaendeleaje, naye yuko hapo hapo, amekaa. Mstari wa mwisho unasema: Mwanangu, niulize mimi.

Kwa hiyo usinijibu mimi barua hii. Mwandikie yeye.

Ni mimi binamu yako, ninayekupenda hata ukinikatiza,
Kiherehere.